Istilahi ya Mdudu Mmoja Mdogo wa Mahindi

Mwaka jana uliletwa ofisini kwetu mswada wa kijitabu cha kilimo uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ili usomwe na kukaguliwa lugha yake kabla ya kupigwa chapa. Mfasiri wake alikuwa mtu hodari. Sentensi zake zilinyooka, upatanisho wa kisarufi haukuwa na kasoro, na hakuwa na ile tabia ya kupachika maneno magumu pasipo haja. Nilikaribia kuupitisha mswada ule. Ukurasa wa kumi na nne ndio ulionisimamisha. Hapo palikuwa na aya mbili zilizofuatana, kila moja ikieleza ugonjwa wa mahindi uletwao na virusi na kuenezwa na mdudu. Katika aya ya kwanza mdudu aliitwa "panzi mdogo" na ugonjwa ukaitwa "milia". Katika aya ya pili mdudu aliitwa "panzi mdogo" na ugonjwa ukaitwa "milia". Kisha mkulima akashauriwa anunue mbegu inayostahimili milia.

Katika Kiingereza aya hizo zilizungumzia magonjwa mawili na wadudu wawili. Majina ya magonjwa hayo katika lugha hiyo yanakaribiana kwa sauti na kwa maana, kwani yote mawili yanataja mstari mrefu wenye rangi iliyo tofauti na sehemu inayouzunguka. Majina ya wadudu nayo yanakaribiana: mmoja ni "mrukaji wa majani", na wa pili ni "mrukaji wa mimea". Mfasiri aliyeketi mezani na kamusi yake, bila ya mdudu wala jani lililougua mbele yake, angefanya nini? Simlaumu. Lakini mkulima ambaye shamba lake limeshikwa na ugonjwa wa pili, akasoma kijitabu hicho na kutoa fedha zake anunue mbegu iliyokusudiwa kuhimili ugonjwa wa kwanza, atavuna hasara, wala hatajua kwamba hasara hiyo ilianzia katika istilahi. Mbegu kama Staha na TMV-1, ambazo wakulima wa Tanzania wamezijua kwa kustahimili milia, zilichaguliwa kwa ajili ya virusi vya aina moja tu. Virusi vya ugonjwa wa pili ni vya ukoo mwingine kabisa, na ustahimilivu dhidi ya vile vya kwanza si kinga dhidi ya hivi.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyomtafuta mdudu huyo wa pili, tukamtambua yeye na makazi yake, na jinsi tulivyofikia jina tunalolipendekeza kwa wafasiri na walimu. Jina lake la kitaalamu ni Peregrinus maidis.

Yafaa tuanze na neno "panzi", maana ndilo linalokimbiliwa na wengi. Panzi kwa Mswahili ni mdudu mwenye kutafuna. Ni jamaa wa nzige, parare na senene. Akipita kwenye jani huacha pengo. Mdudu wetu hana taya za kutafuna. Ana mrija mwembamba kama sindano, ambao huuzamisha katika mshipa wa mmea akafyonza utomvu, na jani hubaki zima. Jamaa zake wa karibu ni vidukari, vidugamba na nzi weupe. Na kwa mbali zaidi, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi, kunguni wa kitandani. Kinachomfananisha na panzi ni kuruka tu. Ikiwa kuruka kunatosha, basi hata kiroboto ni panzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mdudu huyu ni "panzi mdogo" atatafuta majani yaliyoliwa, hatayaona, na atasema shamba ni salama.

Nilipomweleza shaka yangu bwana shamba mmoja wa Muheza, ambaye amewahi kutusaidia kwa majina ya magugu, alinijibu kwa simu: "Ndugu, huyo hakai katika kamusi. Njoo umwone." Nilikwenda mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa hazijakatika. Shamba alilonipeleka liko bondeni, na kutoka pale milima ya Usambara ya Mashariki inaonekana vizuri, na Amani iko juu huko, mahali ambapo patatajwa tena baadaye. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na kando yake palikuwa na matuta machache ya mtama. Mwenye shamba, mama wa makamo, tulimwamkia, naye alitusikiliza tukijieleza kwa maneno mengi kuhusu wadudu, virusi na istilahi. Alipochoka alituuliza: "Mnawataka wale wanaofuatwa na sisimizi?" Bwana shamba akaitikia. "Hao hawakai juani, wanangu. Fungueni moyo wa mhindi."

Alitufundisha kwa sentensi hiyo moja zaidi ya ukurasa mzima wa mswada. Moyo wa mhindi ni pale juu ambapo majani machanga yamejisokota kama faneli kabla hayajafunguka. Bwana shamba aliyatenga majani hayo taratibu kwa vidole viwili, na ndani, mahali penye unyevu na kivuli, walikuwapo: kundi la vidudu vya rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, hata mkubwa wao hakufika milimita tano. Sisimizi walikuwa wakipita katikati yao bila ya kuwadhuru. Chini kidogo, palipokuwa na ala ya jani, yaani ile sehemu ya jani inayolizunguka bua kama ala inavyouzunguka upanga, tulikuta wengine. Majani ya chini yalikuwa yaking'aa kwa majimaji matamu yaliyodondoka kutoka kwao, na mahali pengine majimaji hayo yalikuwa yameota ukungu mweusi kama masizi. Kwa ajili ya utamu huo sisimizi huwafuata na kuwalinda.

Nilidhani nimeona aina mbili au tatu za wadudu, kwa maana baadhi yao walikuwa na mabawa marefu yaliyopita ncha ya tumbo, wengine mabawa yao yalikomea katikati ya mgongo, na wengine hawakuwa na mabawa hata kidogo. Kumbe wote ni wamoja. Wasio na mabawa ni tunutu. Neno hili tumezoea kulitumia kwa watoto wa nzige, lakini linafaa kwa mtoto wa mdudu yeyote ambaye hapiti katika hali ya buu, bali hukua kwa kujivua ngozi. Mdudu huyu huwa tunutu kwa hatua tano. Waliokomaa nao wako wa namna mbili. Wenye mabawa mafupi hubaki pale pale wakazaliana. Wenye mabawa marefu huzidi pale mmea unapozeeka au msongamano unapokuwa mkubwa, nao ndio wanaohama kwenda kutafuta mahindi machanga. Bwana shamba asiyelijua hili anaweza kuandika katika taarifa yake kwamba wadudu wametoweka, kumbe wamehamia kwa jirani.

Tukatoa kioo cha kukuzia. Ili kulinganisha, bwana shamba alikuwa amekamata katika majani ya pembeni mdudu wa aya ya kwanza, yule aenezaye milia, na kumtia ndani ya kichupa. Huyu ni wa jenasi ya Cicadulina, mwembamba, wa milimita tatu hivi, na juu ya kichwa chake kuna madoa mawili meusi ya duara. Kwa macho matupu mtu angeweza kuwaita ndugu wa tumbo moja. Chini ya kioo tofauti zilijitokeza, na mfasiri anayefasiri habari za wadudu hawa afadhali azijue, kwa sababu kila aya ya maelezo aliyo nayo mbele yake huwa inazitaja.

Ya kwanza ni vipapasio. Vya Cicadulina ni kama unywele mfupi, navyo vimeota mbele, kati ya macho mawili. Vya Peregrinus vimeota chini ya macho, na vipingili vyake vya mwanzo ni vinene. Ya pili ndiyo kubwa: mguu wa nyuma. Muundi wa mguu wa nyuma wa Cicadulina una safu za miiba midogomidogo kama meno ya kitana, kutoka juu mpaka chini. Muundi wa Peregrinus hauna safu hizo. Badala yake, pale unapokutana na wayo, kuna mwiba mmoja mpana, mkubwa kuliko yote, ambao haukugandamana na mguu bali una kiungo na unaweza kuchezacheza. Nilipouona nilisema palepale, bila ya kufikiri: "Kikwaru cha jogoo!" Bwana shamba akacheka. Mama mwenye shamba aliomba kioo, akatazama, akasema ni kikwaru kweli, ila jogoo huyu amekosa sauti.

Tofauti za mabawa sitazirefusha. Yatosha kusema kwamba mabawa marefu ya Peregrinus ni angavu, yana alama za kahawia kuelekea ncha, na yakikunjwa husimama kama paa la nyumba.

Makazi ya mdudu huyu yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wafasiri wengi huyapita kwa kuandika "hupatikana sehemu za joto". Ni kweli kwamba hupenda nchi tambarare zenye joto na unyevu, na pwani yetu inamfaa. Lakini si kila jani la nchi hiyo ni nyumba yake. Anaweza kutua juu ya majani ya aina nyingi, ila mahali anapotaga na kulea ni pachache: mahindi, mtama, na baadhi ya nyasi zilizo karibu na mtama kwa nasaba, hasa mtama mwitu. Jike huchana uti wa kati wa jani kwa kifaa kilichoko mwishoni mwa tumbo lake, akaingiza mayai ndani ya nyama ya jani, na juu ya tundu akaweka nta nyeupe. Kwa hiyo hata shamba likinyunyiziwa dawa, mayai yako ndani ya mmea. Mahali ambapo mahindi hupandwa msimu baada ya msimu kwa kumwagilia, bila ya shamba kupumzika, mdudu huyu hana siku ya njaa mwaka mzima. Masika ya mahindi mapya yakiota, yeye huwa ameshajiandaa.

Historia ya jina lake la kitaalamu ni ya kuchekesha kidogo. Mtaalamu Ashmead alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1890, kutokana na wadudu waliopatikana katika mahindi ya Florida, Marekani. Mwaka 1904 Kirkaldy akamtengea jenasi yake na kuiita Peregrinus, neno la Kilatini lenye maana ya mgeni au msafiri. Lakini wataalamu waliochunguza baadaye wameona kwamba asili yake ni ya upande huu wa dunia, na inaelekea kuwa ni Afrika, alikoishi na mtama maelfu ya miaka kabla ya mahindi kufika. Mahindi ndiyo yaliyotoka Marekani, yakaja pwani yetu baada ya Wareno. Na sisi tukayaita kwa jina la Uhindi! Basi huku Uswahilini mmea wa Marekani una jina la Uhindi, na huko Marekani mdudu wa Afrika ana jina la mgeni. Mwanaistilahi hana budi kukumbuka kwamba jina likishazoeleka halimwulizi mtu cheti cha kuzaliwa.

Wapo watakaosema kwamba ingetosha kufuata Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza kimeshatenganisha "mrukaji wa majani" na "mrukaji wa mimea". Nilijaribu njia hiyo kwanza, nikaona ina mashimo mawili. Kwanza, majina hayo hayaelezi chochote. Jani si sehemu ya mmea? Anayeruka juu ya jani harukii mmea? Msomaji wa Kiingereza mwenyewe hawezi kujua tofauti kwa kuyatazama majina, hukariri tu. Pili, Kiingereza chenyewe hakikuwa imara. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mashamba ya miwa ya Hawaii yaliharibiwa vibaya na mdudu Perkinsiella saccharicida, aliyetoka Australia. Huyu ni wa familia ileile ya Delphacidae aliyomo Peregrinus, mwenye kikwaru kama yeye. Lakini wakulima na hata maandishi ya kitaalamu ya kule yalimwita "mrukaji wa majani ya miwa". Peregrinus naye kule Hawaii aliitwa vivyo hivyo kwa muda mrefu. Mfasiri anayesoma makala ya zamani na makala ya sasa atadhani ni wadudu wawili.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Maandishi mengi yanayotufikia kuhusu familia hii yanatoka Asia, nayo yanamhusu mdudu wa kahawia wa mpunga, Nilaparvata lugens, aliyeitia Indonesia hasara kubwa miaka ya 1970 na 1980, hata serikali ya nchi hiyo mwaka 1986 ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwa matumizi ya mpunga, baada ya kuonekana kwamba dawa zilikuwa zikiwaua maadui wa mdudu huyo kuliko mdudu mwenyewe. Habari hizo zina mafunzo, lakini mdudu yule si wa mashamba yetu ya mahindi. Mfasiri asihamishe makazi ya mmoja na kumpa mwingine kwa sababu tu jina la jumla ni moja.

Tulipokaa kikao kuamua jina, mapendekezo yalikuwa manne. La kwanza lilikuwa "kirukajani" kwa mmoja na "kirukammea" kwa wa pili. Muundo wenyewe ni wa Kiswahili safi: tuna kipimajoto, kipazasauti, kifunguakinywa. Lakini mjumbe mmoja, mwalimu wa sekondari, alitukumbusha kwamba tunalo pia neno kirukanjia, na kwamba wanafunzi wa kidato cha pili hawatahitaji msaada wowote kuliona. Pendekezo hilo halikurudi tena mezani.

La pili lilikuwa kutohoa jina la familia tukapata "delfasidi". Lina hoja nzuri nyuma yake. Kwa mdudu wa kwanza tayari liko neno la kutoholewa, "jasidi", lililotokana na jina la zamani la familia yake na ambalo limetumika katika maandishi ya kilimo cha pamba. Jasidi na delfasidi zingekwenda sambamba. Mimi nililipinga, na bado nalipinga kwa matumizi ya vijitabu vya wakulima, kwa sababu moja: mwisho wake unafanana mno na jasidi, na ugonjwa tunaotaka kuuponya ni huohuo wa majina yanayofanana.

La tatu lilitokana na kile kikwaru. Kiswahili kina maneno mawili kwa mwiba wa jogoo: kikwaru na kipi. Mjumbe mmoja alipendekeza "kipanzi kipi", kwa kuwa kipi ni fupi. Mwenyekiti, bila ya kukusudia, akamjibu: "Kipanzi kipi, Ndugu?" Mwandishi wa kumbukumbu aliandika swali hilo kama pendekezo la pili. Hapo ikadhihirika kwamba jina lisilopambanulika na swali haliwezi kuwa istilahi, na isitoshe lilikuwa linamrudisha panzi kwa mlango wa nyuma.

Tukabaki na la nne: dudukikwaru. Kielelezo cha kuunganisha "dudu" na neno jingine kipo katika lugha, mathalani duduvule, yule atobaye mbao. Jina linataja alama ambayo kila mdudu wa familia hii anayo, na ambayo mwenye kioo cha shilingi chache anaweza kuithibitisha akiwa shambani. Linachukua upatanisho wa viumbe hai, na halibadiliki katika wingi: dudukikwaru huyu, dudukikwaru hawa. Kwa spishi tunayoizungumzia, tunasema dudukikwaru wa mahindi. Yule wa aya ya kwanza abaki jasidi, maana kumvua mtu jina alilolizoea ni kazi bure.

Lipo pingamizi moja ambalo sina budi kulieleza, kwa kuwa wasomaji wenye taaluma ya wadudu wataliona upesi. Jina "mrukaji wa mimea" la Kiingereza linajumuisha familia nyingi, na kikwaru ni cha familia moja tu, Delphacidae. Katika kitabu chake cha mwaka 1896 kuhusu Bonde la Ufa, mtaalamu Gregory alieleza juu ya wadudu wa kundi hili kubwa aliowaona eneo la Kibwezi, wa kijani na wa rangi ya waridi, waliojipanga juu ya kijiti hata akadhani ni ua. Hao ni warukaji wa mimea kwa hesabu ya Kiingereza, lakini ukiwatafutia kikwaru hutakipata. Kwa hiyo dudukikwaru si tafsiri ya neno lile la Kiingereza popote linapotokea. Ni istilahi ya familia moja. Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza atazame kwanza ni familia gani inayozungumziwa. Katika habari za mahindi, mtama, mpunga na miwa, mara nyingi itakuwa hii. Kwa kundi zima, wataalamu watumie jina la Kilatini hadi hapo patakapopatikana neno bora.

Majina ya magonjwa yalitusumbua zaidi ya majina ya wadudu. Ugonjwa uenezwao na jasidi ulielezwa kwa mara ya kwanza huko Natal mwaka 1901, na Fuller. Aliyethibitisha kwamba jasidi ndiye mwenezaji ni Storey, mwaka 1925. Kisha akahamia Amani, palepale tulipopaona kutoka shambani Muheza, na mwaka 1932 akaonyesha kwamba uwezo wa jasidi kueneza virusi hurithiwa kutoka kwa wazazi. Wako jasidi wawezao na wasioweza. Na wasioweza, ukiwatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, huweza. Jasidi aliyemtumia anaitwa Cicadulina mbila, na wasomaji wajuao lugha za Kibantu za kusini wataona jinsi jina hilo linavyofanana na umbila, neno la Kizulu la mahindi. Ni faraja kukuta neno la Kibantu likiwa limesimama wima katikati ya Kilatini.

Katika ugonjwa huo jani hupata michirizi myembamba ya rangi ya kupauka, iliyokatikakatika, ikifuata mishipa. Kwa haki ungeitwa "michirizi", kwani neno hilohilo la Kiingereza limefasiriwa hivyo katika ugonjwa wa muhogo, michirizi ya kahawia, ambao nao ulielezwa na Storey, mwaka 1936. Ugonjwa wa dudukikwaru wa mahindi huanza kwa vidoa vidogo na mistari miembamba chini ya jani changa, kisha mistari hiyo huungana ikawa mipana ya manjano isiyokatika, pengine jani zima likapauka, na kilele cha mmea kikapinda kama kilichovunjwa. Huu ndio wenye sura ya punda milia. Nadharia ingetutaka tuhamishe majina: ule wa kwanza uwe michirizi, na wa pili uwe milia.

Tulikataa kufanya hivyo. Mkulima anajua kwamba milia ni ule ugonjwa wa kwanza. Ameusikia kwa bwana shamba na kwa muuza mbegu anayesema kwamba mbegu yake inastahimili milia. Tukihamisha jina, maneno yote yaliyokwisha kusemwa na kuandikwa yatageuka kuwa uongo siku moja. Ulinganifu kati ya muhogo na mahindi ni jambo jema, lakini haufai kununuliwa kwa mavuno ya mtu. Basi milia ya mahindi ibaki pale ilipo. Kwa ugonjwa wa pili tulifikiria "mikanda", tukaogopa kuchanganya na mkanda wa jeshi, ambao ni ugonjwa wa binadamu, nao pia ni wa virusi. Tukachagua "tepe", kama zile za begani kwa sajenti: pana, zisizokatika, na zinazoonekana kwa mbali. Ugonjwa wa tepe za mahindi. Tahadhari moja tu: mwaka 1973 Kulkarni, akichunguza mahindi ya Kenya, alitenganisha tepe na ugonjwa mwingine wa mistari ambao nao huenezwa na dudukikwaru huyuhuyu, na upo pia ugonjwa wa batobato ya mahindi katika orodha yake. Kwa hiyo haifai kuuita ugonjwa wa tepe "ugonjwa wa dudukikwaru", kana kwamba anao mmoja.

Mfasiri wa vitabu vya wataalamu atakutana pia na tofauti ya namna virusi vinavyokaa ndani ya mdudu. Virusi vya milia hukaa ndani ya jasidi muda mrefu lakini havizaliani humo, na mayai yake huwa safi. Virusi vya tepe huzaliana ndani ya dudukikwaru, na mama huwarithisha watoto kupitia mayai, hata tunutu akaanguliwa akiwa tayari na virusi kabla hajaonja jani lililougua. Kwa hiyo kitenzi "beba" kinatosha kwa jasidi, lakini kwa dudukikwaru hakitoshi. Tumependekeza mdudu wa kwanza aitwe mbebaji wa virusi, na wa pili aitwe mbebaji mrithishaji. Hapa nakiri kwamba sote hatukukubaliana, na wasomaji wenye pendekezo bora waliandike.

Mswada tuliurudisha kwa mfasiri pamoja na mchoro wa mguu wa nyuma wa kila mdudu, ukubwa wa kiganja. Aliusahihisha kwa siku mbili, na katika ule ukurasa wa kumi na nne ushauri wa mbegu ukabaki chini ya aya ya milia peke yake. Chini ya aya ya tepe kuliandikwa kwamba mkulima ang'oe mahindi yaliyojiotea na mtama mwitu kabla ya msimu, asipande mahindi machanga kando ya mahindi makongwe, na afungue moyo wa mhindi atazame.

Ofisi ingependa kupokea kutoka kwa wasomaji, hasa walimu na mabwana shamba wa pwani na wa mabonde ya umwagiliaji, majina ambayo wakulima wa sehemu zao humwita mdudu huyu. Jina liletwe pamoja na mambo matatu: alionekana kwenye mmea gani, sehemu gani ya mmea, na mwezi gani. Anayeweza alete na mdudu mwenyewe, ndani ya kichupa cha spiriti, mguu wa nyuma ukiwa haujakatika.